Bwana, Hii ni Ngamia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya Bwana DC wa Garissa kabla hata ya mfagizi. Nilikuwa nimevaa shati la kuazima, na nilikuwa na hofu. Naliungama hilo mapema, kwa sababu vijana mnaoingia katika ukalimani leo mnatuona sisi wazee kama tulizaliwa na ulimi uliokwisha kunolewa. Mimi niliogopa kosa kuliko nilivyoogopa mamba, na mamba nilikuwa nimewajua tangu utotoni.

Mama yangu alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi kule Masalani. Abiria wake wengi walikuwa wafugaji wa Kisomali wakivuka na mbuzi wao, wakizungumza mambo yao yote kana kwamba sisi tuliokuwa tukipiga makasia hatuna masikio. Kisomali nilikipata hapo. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi moja kuukuu. Mchwa walikuwa wameila kutoka katikati ya herufi H hadi mwanzo wa K, kwa hiyo kulikuwa na maneno mengi ya I na J ambayo sikuyajua kabisa, na nilikuwa nikiomba Mungu Waingereza wasiyatumie mbele yangu.

Aliyenipokea alikuwa Karani Mkuu, mzee wa pwani mwenye kofia safi na sauti ya chini. Aliniketisha akanifundisha sheria ya kazi.

"Kijana, mkalimani hana 'mimi.' Mzee akisema, 'Mimi nina njaa,' wewe humwambii Bwana DC, 'Anasema ana njaa.' Unasema, 'Mimi nina njaa.' 'Mimi' yako unaiacha mlangoni pamoja na viatu."

"Na nikiwa na njaa kweli?"

"Utakula saa saba. Wewe ni mfereji. Mfereji hauonji maji."

Nilishika maneno hayo kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo ndani ya kisima kirefu. Neno kwa neno, bila kuonja. Na ndani ya juma hilohilo nikaleta balaa.

Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa Mwingereza mrefu aliyebaki kwa muda baada ya uhuru ili kukabidhi kazi. Alikuwa na kitalu cha maua mbele ya veranda, ambacho alikimwagilia maji yake ya kuogea. Siku hiyo Mzee Dubow, mfugaji aliyeheshimiwa sana upande ule, alikuja kulalamika juu ya foleni ya maji kisimani. Alikuwa amemfunga ngamia wake jike nje. Tulipotoka kumsindikiza, maua yalikuwa yamekwisha. Ngamia alikuwa akitafuna la mwisho, akitutazama kwa kope zake ndefu.

Bwana DC alimwangalia kwa kitambo. Kisha akasema kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti wala kukunja uso, "Mnyama mzuri kweli. Na ana adabu sana."

Nikafasiri neno kwa neno. Mzee Dubow akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi ngamia alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya veranda, na kando yake amesimama Halimo, binti wa mzee. "Baba ameleta," alisema. Mtu mkubwa akikusifia mnyama wako mbele ya watu, kwa heshima aliyokuwa nayo Mzee Dubow, huwezi kwenda naye nyumbani kana kwamba hukusikia. Amekuomba. Unampa.

Bwana DC aliniita. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mwambie mzee sikumtaka ngamia. Mwambie nilikuwa..." na hapo akatumia lile neno lao la kinaya, 'ironic,' ambalo linaanza kwa I. Sikulijua. Masikioni mwangu lilikuwa ni 'iron,' yaani chuma, lenye mkia. Mzee alipoitwa, nikamwambia kwa uaminifu wote, "Bwana DC anasema jana alikuwa wa chuma."

Mzee Dubow akafikiri. "Mwambie hilo tumeliona tangu alipofika."

Karani Mkuu ndiye aliyetuokoa. Alinivuta pembeni akanieleza kwamba kuna kusema kinyume cha unachomaanisha, ukimwachia msikilizaji kazi ya kugeuza. "Kwetu si tunalo hilo? Mtu akivunja kikombe chako ukamwambia 'ahsaaante,' umemshukuru?" Nilitamani sakafu inimeze. Neno nilikuwa nikilitumia maisha yangu yote bila kujua kwamba Mzungu naye analo.

Kumrudisha ngamia kungekuwa tusi, kwa hiyo ikakubaliwa hivi: ngamia ni wa serikali, lakini atalishwa pamoja na kundi la Mzee Dubow, kwa kuwa serikali haijui kulisha. Bwana DC alipeleka sukari na majani ya chai kwa shukrani. Nami aliniita ofisini, nikidhani ananifukuza.

"Keti," alisema. "Tunahitaji alama. Mtu yeyote akisema jambo ambalo maneno yake yanakwenda huku na moyo wake unakwenda kule, utafasiri maneno kama yalivyo, kisha utaniambia: hii ni ngamia."

"Na wewe ukisema, Bwana?"

"Utawaambia wao vilevile. Naona mimi ni mhalifu mkubwa zaidi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza kazi. Nawaambieni nilichojifunza, kwa sababu hakimo katika kamusi, hata zisizoliwa na mchwa. Kinaya cha Mwingereza hupungua. Nyumba ikiungua atasema kuna joto kidogo. Hakibadilishi uso wala sauti. Kinachokionyesha ni udogo wa maneno kando ya ukubwa wa jambo. Kinaya cha wazee wa Kisomali niliowafanyia kazi huongezeka. Huja kimevaa kanzu na kilemba, kimejaa shukrani na dua, na kadiri mtu anavyokuwa mpole ndivyo unavyopaswa kusogeza kiti nyuma. Sisi wa Kiswahili tuko katikati, tunakivuta kwa irabu na mdomo. Kwa hiyo ilinibidi nikuze cha Mwingereza na nipunguze cha mzee, bila kuongeza jambo wala kupunguza jambo. Nilifanya mazoezi peke yangu kando ya mto, nikijiuliza na kujijibu, mpaka wachota maji wakadhani nimeingiwa na kitu.

Kulikuwa na namna mbili za kufasiri. Moja ni ya kufuatia: mtu anasema, ananyamaza, nawe unasema. Nyingine ni ya kunong'ona, ambapo unaketi nyuma ya bega la mkubwa na kumwaga maneno sikioni mwake wakati mwenzake bado anaendelea. Katika ya kunong'ona ile alama yetu ilifaa sana. "Mzee anasema barabara ya serikali ni nzuri mno, hata fisi wanaisifu. Ngamia." Bwana DC alikuwa akitikisa kichwa, na kona ya mdomo wake ikipanda kidogo. Nilimpenda mtu yule kwa kona ile.

Kisha vita vya shifta vikapamba moto. Waliotaka mkoa ujitenge walikuwa porini na bunduki. Magari yakaanza kwenda kwa msafara. Wafugaji wakaamriwa wakae karibu na miji, na mtu hakuweza kwenda popote bila kibali. Kazi yangu ikabadilika. Zamani nilifasiri habari za visima na mahari. Sasa nilifasiri habari ambazo mtu angeweza kuondolewa nyumbani kwake kwa sababu yazo. Bwana DC wangu akamaliza kukabidhi na kurudi kwao. Aliniaga kwa kusema, "Hukuwa mbaya sana." Nilijua kupunguza kwao. Nikalia nilipofika uani.

Bwana DC mpya alikuwa Mkenya mwenzetu wa kutoka bara, kijana mwenye miwani, aliyesoma ng'ambo. Nilimwelewa siku ya kwanza, kwa kuwa alikuwa akinyoosha karatasi mezani mpaka kingo zilingane, kama mimi. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na woga wa kukosea, katika mahali ambapo kukosea kulikuwa rahisi, na chini yake kulikuwa na watu waliongoja neno lake. Sikumwambia habari ya ngamia. Niliona aibu. Nilidhani atanicheka.

Ndipo akaletwa Mzee Dubow.

Alishtakiwa kuwakaribisha mashifta na kuwalisha. Mtu alikuwa amemwona akichinja dume la ngamia bomani kwake na watu wenye silaha wakila. Kama ingethibitika, angepelekwa kizuizini mbali, kusini, na wanyama wake waliobaki wangechukuliwa. Wakati ule mzee alikuwa amekonda. Halimo alisimama nje ya dirisha, mkono mmoja umeshika nondo.

Bwana DC aliuliza, "Uliwapokea watu hawa?"

Mzee Dubow aliweka mkono kifuani. Sauti yake ilikuwa laini kama siagi. "Haa. Niliwapokea. Ni wageni wangu. Walikula wakashiba. Tena walinihurumia kwa uzee wangu, wakaniondolea kazi ya kukama. Mungu awalipe kama walivyonilipa."

Niliutambua upole ule. Nikafasiri: "Ndiyo. Niliwapokea. Ni wageni wangu..." mpaka mwisho, kwa "mimi" ya mzee, na kila neno lilikuwa kama ninamfungia pingu.

Bwana DC alishika kalamu. "Anakiri, basi."

"Bwana," nikasema, "hii ni ngamia."

"Najua ni ngamia. Amechinja wangapi?"

"Si ngamia wa kuchinja, Bwana. Maneno yenyewe ndiyo ngamia."

Alinitazama juu ya miwani. "Unaumwa?"

Karani Mkuu, aliyekuwa ameketi pembeni, alifumba macho. Nilijua anachofikiri: mfereji umeanza kuonja maji. Hapo sikuwa na mtu wa kumwazima "mimi" yake. Nikaenda mlangoni kwa mawazo, nikaiokota yangu pale nilipoiacha na viatu.

"Bwana, mimi, mimi mkalimani, naomba kusema."

"Sema."

"Juma lililopita lori letu lilizama topeni karibu na mto. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri, na chakula cha askari kikaoza. Ulimwambia dereva, 'Kazi nzuri sana. Hongera.' Dereva hajui Kiingereza. Kama ungeniambia nimfasirie neno kwa neno, leo angekuwa hapa anaomba nyota ya begani."

Bwana DC alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Mzee huyu," niliendelea, "anasema watu wale walimwibia ngamia wote wa maziwa. Ndiyo kazi ya kukama waliyomwondolea. Sikuwapo, Bwana, siwezi kushuhudia. Lakini lugha naijua. Kwao mtu akishukuru kwa upole namna ile, amejaa hasira mpaka shingoni. Tafadhali muulize tena."

Wakati huo Mzee Dubow alikuwa akitugeuzia macho, mara Bwana DC mara mimi. Aliniambia kwa Kisomali, "Waryaa, wewe kijana, maneno yangu yalikuwa mafupi. Mbona yako marefu?"

"Subiri, adeer," nikamwambia. Hilo ni neno la baba mdogo, ambalo mzee na kijana huitana wote wawili.

Bwana DC alirudisha miwani. "Muulize wageni hao wakirudi atafanyaje."

Niliuliza. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwambie nawangoja kwa hamu. Nimekwisha kunoa kisu."

Nilifasiri hivyohivyo, nikafunga mdomo. Sikuongeza kitu. Bwana DC alimtazama mzee, akatazama ule mkono uliotulia kifuani na yale macho yaliyokuwa hayana utulivu wowote. Kisha akanigeukia polepole.

"Ngamia?" akauliza.

"Ngamia, Bwana."

Akaweka kalamu chini. "Muulize walichukua wangapi, na wa nani."

"Kuchukua?" alisema Mzee Dubow. "Hapana, waliazima tu. Wote wenye maziwa. Na kati yao alikuwamo yule wa serikali, aliyekula maua. Kwa hiyo wekeni sawa hesabu yenu: mimi niliwalisha nyama, serikali ikawanywesha maziwa. Tukipelekwa kusini, twende pamoja. Njia ni ndefu, na mimi napenda mazungumzo."

Sentensi ile niliiogopa. Kumwambia mkuu wa wilaya, katika miaka ile, kwamba serikali imewanywesha mashifta! Ningeweza kuipunguza makali. Hakuna ambaye angejua. Lakini mzee alikuwa ameitengeneza vizuri mno, na mimi, jamani, nina ugonjwa wa kutaka kitu kiwe kamili. Niliifasiri yote, hadi yale mazungumzo ya njiani.

Bwana DC aligeuka kwa Karani Mkuu. "Serikali ina ngamia?"

"Inaye, Bwana," alisema Karani Mkuu kwa heshima zote. "Jike. Mimi mwenyewe nilimwona akila kitalu cha maua. Alikabidhiwa mzee huyu amlishe."

Kwanza mabega ya Bwana DC yalitikisika. Kisha akashindwa, akacheka, akafunika uso kwa mikono yote miwili kama mtu aliyekuwa hajacheka tangu afike Garissa. Nadhani hakuwa amecheka. Alipomaliza alisema kwamba mtu aliyeporwa hashtakiwi kwa kuporwa, na kwamba anayetakiwa kusakwa ni yule aliyemchukua ngamia wa serikali. Mzee Dubow aliambiwa aende nyumbani.

Mlangoni mzee alinishika kiwiko. "Yale maneno marefu, ulimwambia nini?"

Nikamwambia ukweli. "Nilimweleza kwamba hukumaanisha ulichosema."

Uso wake ukabadilika. "Ulieleza? Mbele ya watu? Nimesema neno limesimama kwa miguu yake minne, wewe ukalilaza chini ukalipasua tumbo kuonyesha lilikula nini?"

"Wangekufunga, adeer."

"Wangenifunga na neno langu likiwa zima."

Akaondoka. Halimo aligeuka mara moja akanitazama, akafuata baba yake. Nami nilibaki na furaha na fedheha vikigombania nafasi moja. Sikuweza kula siku hiyo. Nilirudia kila sentensi, nikitafuta namna ambayo ningemwokoa mzee bila kumpasulia neno lake. Naitafuta hadi leo.

Baada ya siku kadhaa nikaitwa bomani kwake, nje kidogo ya mji. Kundi lilikuwa dogo la kuhuzunisha: madume, ndama, na jike mmoja tu aliyezaa baada ya uporaji. Wageni na jamaa walikuwa wameketi kwenye mikeka. Mzee Dubow hakunisalimu kwanza. Alisema kwa Kiswahili ili nisipate pa kujifichia, "Wewe mkalimani mbaya kabisa. Mbaya, mbaya."

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nakubaliana naye.

Kisha akachukua chombo cha maziwa ya yule jike mmoja, akawapita kaka zake, akawapita wageni wenye ndevu nyeupe, akanipa mimi wa kwanza. Aliendelea kukishika mpaka alipohakikisha nimekishika sawasawa. Uso wake haukusema lolote. Harufu ya moshi wa kukifukizia chombo ilinipanda puani, na macho yakanilowa. Nikasema ni moshi.

Vita viliisha. Yule jike wa serikali hakuonekana tena. Mimi nilihamishwa Lafey, ambako nilifasiri ugomvi wa mpaka kwa Bwana DO, msaidizi wa DC, mtu mpole aliyekuwa akisinzia katikati ya sentensi, na hivyo nilijifunza kufasiri kwa ufupi. Kisha Banissa, chini ya Hakimu aliyependa kila neno lirudiwe, na hivyo nikasahau ufupi. Mwishowe nikarudishwa Garissa. Kote huko nilifundisha vijana, na jambo la mwisho nililowafundisha lilikuwa ile "mimi." Iache mlangoni, naam. Lakini kumbuka ulipoiweka. Na ukiiokota, iwe kwa sababu mtu ataumia, si kwa sababu unaogopa kutoeleweka. Tofauti ni ndogo, na nimeikosa mara nyingi.

Siku ya kustaafu kwangu walinifanyia hafla kwenye ukumbi. Mkubwa mmoja alisema katika hotuba kwamba miaka yote ile sikuwahi kukosea. Nilitoka jasho. Niliwaza yule DC wa chuma, nikatamani awepo ili nimwone kona ya mdomo.

Halimo alikuja. Alikuwa ameshakuwa mama mtu mzima, mfanyabiashara wa mifugo ambaye madalali sokoni walimwogopa. Mzee Dubow alikuwa amefariki zamani, Mungu amrehemu. Halimo alipita katikati ya viti bila kuombwa, akasimama mbele yangu na kibuyu cha maziwa ya ngamia.

"Walaal, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima na lafudhi ya kwao, "baba mpaka kufa alisema wewe mkalimani mbaya kabisa. Bole, lakini ndivyo alifyosema."

Hotuba zikakatika. Mtu akakohoa. Kando yangu alikuwa ameketi kijana aliyechukua nafasi yangu, msichana mwerevu, mwenye wasiwasi kama wangu. Alinisogelea, macho yamemtoka, akaninong'oneza, "Mzee, ana maana gani?"

Halimo alikuwa bado amekishika kibuyu, akingoja nikishike sawasawa.

"Anasema," nikamwambia, "nilikuwa mkalimani mbaya kabisa."

Nikanywa.